Bunduki ya Nyundo ya Nje

Foleni ya uhakiki wa silaha ilianzia mlangoni pa kituo cha polisi cha wilaya, ikapita kwenye pikipiki zilizokamatwa, ikaishia karibu na choo. Nkwabi Masele alikuwa upande wa choo. Alifika kabla jua halijatoka, lakini walinzi wa migodini walikuja saa tatu na bosi wao, wakaingia moja kwa moja kama wanaingia kwao. Askari wa kuhakiki alikuwa mmoja. Wa pili, waliambiwa, yuko semina.

Semina. Nkwabi alitema mate pembeni. Nchi hii wakubwa wanafundishwa kila wiki na bado hawajaelewa kitu.

Alikuwa na miaka sitini na tisa, darasa la nne alilomaliza kwa kuvutwa masikio, na bunduki moja iliyofungwa ndani ya gunia la mbegu za pamba. Bunduki hiyo aliirithi kwa baba yake, mzee Masele, aliyelinda kiwanda cha kuchambua pamba kule Shinyanga tangu enzi za mkoloni. Mwenye kiwanda, Mhindi mmoja, alipofunga virago aliiacha kwa mlinzi wake pamoja na karatasi zake zote. Ndiyo maana Nkwabi hakuwahi kuwaogopa polisi kwa habari ya bunduki. Karatasi alikuwa nazo. Alichokuwa hana ni kitu kingine chochote.

Na shida yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imelala chini ya udongo kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Masumbwe. Mkewe Melania alizikwa pale miaka sita iliyopita, baada ya gari la wagonjwa kukosa mafuta siku ile ile ambayo gari la mkubwa fulani lilipita na mafuta yake, na king'ora juu. Sasa mteremko wote ulikuwa umeingia kwenye leseni ya kampuni ya dhahabu. Wathamini walipita na tepu zao, wakahesabu migomba, vyoo, mabanda ya kuku na makaburi. Kaburi lenye saruji na jina waliliandika, na kampuni ililihamisha kwa gharama yake, jeneza jipya, padri na chakula cha wafiwa. Kaburi la Melania lilikuwa udongo uliozungushiwa mawe, kwa sababu mwaka ule saruji ilimshinda. Kijana wa tepu aliandika: rundo la mawe.

Nkwabi alimfuata Boaz, mwenyekiti wa kitongoji. Boaz huyo huyo aliyekula nyama ya msiba ule na kusifu mchuzi. Akaambiwa daftari limeshafungwa na kupelekwa juu. Anayetaka kuhamisha marehemu ambaye hayumo daftarini ahamishe mwenyewe, kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, kwa kibali, na bwana afya, na jeneza, na gari. Baada ya hapo uzio unapigwa na mitambo inaingia. Shemeji yake Luka, kule Ushetu, alikuwa tayari ametoa nafasi ya kumlaza dada yake kando ya mama yao. Ilibaki kumfikisha. Ng'ombe alishauza wakati wa ugonjwa. Kilichobaki cha kuuzika kilikuwa ndani ya gunia.

Foleni haikusogea. Nkwabi alipochoka kusimama alilifungua gunia kidogo ili aangalie kama mchwa hawajaanza kwenye kitako. Ndipo mtu aliyekuwa mbele yake aligeuka, akatazama, akasahau foleni.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Hiyo ina nyundo ya nje?"

Nkwabi aliitikia marahaba kwa ukavu na kuuliza nyundo ya nje ndiyo nini. Mtu huyo alijitambulisha kwa jina la Marwa. Alikuwa na miaka kama hamsini na nane, kofia ya turubai, na viatu vilivyoonekana kutembea sana porini. Alifanya kazi ya kuongoza wawindaji wa kigeni kwa miaka mingi, akastaafu, akajenga Kambarage, mjini Shinyanga. Kuna watu wanakusanya stempu, alieleza, na kuna watu wanakusanya redio za zamani. Yeye anakusanya shotigani za pampu, zile za kale tu, na kila moja ina kitabu chake na kabati lake la chuma. Hata pale alikuwa amefuata karatasi za moja aliyoinunua wilayani humo. Watu wanamwona mwendawazimu, na mke wake yumo humo humo.

Aliomba kuishika. Aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto, akahakikisha haina risasi, kisha akachuchumaa nayo pale pale kwenye vumbi.

Nkwabi alikuwa ameishi na ile bunduki maisha yake yote, akafukuza nayo fisi na nguruwe pori, lakini siku ile ndipo alipoiona. Marwa alivuta ile mbao ya mbele kurudi nyuma, na kipande cha chuma kikatokeza mgongoni, kikailaza nyundo. Hizi za sasa nyundo imefichwa tumboni, alisema, lakini hii ya kwako inaonekana kwa macho, na walishaacha kuzitengeneza kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Akaonyesha namba iliyotanguliwa na herufi, ambayo kwake ilikuwa kama cheti cha kuzaliwa. Akaonyesha alama mbili ndogo za duara, moja kwenye mtutu na moja kwenye mwili, zilizogongwa kwa muhuri mmoja. Maana yake mtutu huu na mwili huu vilitoka kiwandani pamoja, hakuna aliyeoa mke wa mtu. Akasoma maandishi madogo ya ubavuni, yenye tarehe, ambayo Nkwabi siku zote alidhani ni mikwaruzo. Akapitisha kucha kwenye skrubu na kutabasamu, kwa sababu bisibisi ilikuwa haijawahi kuzigusa.

Kilichomshika zaidi kilikuwa rangi. Kwenye pembe na mafichoni chuma kilikuwa bado na weusi wake wa kiwandani, weusi wenye zambarau kwa mbali kama biringanya. Pale mkono ulipozoea kushika, weusi ulikuwa umegeuka kahawia. Marwa alisema ukahawia huo hauigiziki. Ameshauziwa mbili za uongo, zilizopakwa na kupikwa zionekane za kale, na zote alizijua kwa rangi, akiwa ameshachelewa.

"Baba, hii nitainunua," alisema.

Akataja bei. Ilikuwa bei ya ng'ombe wanne wakubwa, wa kuchagua. Nkwabi alitazama chini ili uso wake usimsaliti. Kichwani aliona jeneza, gari, bwana afya, sahani za watu wa Ushetu, na kikabaki cha kujengea saruji, safari hii na jina.

Marwa aliomba kupiga picha, akapiga nyingi kwa simu, kila upande. Alihitaji wiki tatu kupata kibali cha kuihamishia kwenye jina lake, kisha atakuja mwenyewe Masumbwe na watakwenda pamoja kituoni kukabidhiana mbele ya askari. Walipoagana alimshika mkono akaung'ang'ania.

"Neno moja tu, Mzee Nkwabi. Usiiguse. Usiisafishe, usiipake kitu. Iache ilivyo."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wakati ule hakuna aliyejua.

Maana Nkwabi kabla ya kuzeeka alikuwa mchomaji. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa kwenye mwalo, pale watu wanapooshea mchanga wa dhahabu, akichoma zebaki itoke na dhahabu ibaki, kisha akiiosha kwa asidi mpaka ing'ae. Na kwa miaka hiyo yote alisikia maneno yale yale kutoka kwenye midomo ya wanunuzi. Usiisafishe, mzee wangu, ya nini kujisumbua? Ilete ilivyo. Ukiipeleka ilivyo, mnunuzi anaigeuza kwenye kiganja, anakunja uso, anasema hii chafu, ina uchafu mwingi, na anakata bei kama anakata nyama ya mkia. Jioni anaiosha mwenyewe kwa asidi ya buku mbili na faida yote inabaki kwake. Melania ndiye aliyemwambia kwanza kwamba wale watu wanamla mchana kweupe. Tangu hapo hakupeleka tena dhahabu ambayo haijang'aa.

Kwa hiyo neno la Marwa lilipofika sikioni mwake lilikuta mlango ulishafungwa zamani. Njia nzima ya kurudi, juu ya bodaboda, aliligeuza. Mtu anasifu rangi ya kutu. Mtu anasifu mikwaruzo. Kuna mwenye akili anayesifu uchafu, kama hajaona cha kukata siku ya malipo? Wote ni wamoja, alijisemea, wa tepu, wa daftari, wa kofia ya turubai. Wanakwambia kaa hivyo hivyo, halafu wanakuadhibu kwa sababu umekaa hivyo hivyo. Kaburi la Melania liliachwa lilivyo, na matokeo yake aliyaona.

Alisubiri siku tisa, akijizuia. Siku ya kumi alivuta chupa ya asidi iliyobaki tangu enzi za mwalo.

Binti yake Juliana, aliyerudi nyumbani kutoka Kahama baada ya ndoa kumshinda, alimkuta uani asubuhi. Mzee alikuwa amepasua bomba la plastiki kwa urefu, amelilaza kama hori la ng'ombe, mtutu umo ndani, moshi wa manjano unapanda. Pembeni kulikuwa na msasa, kopo la vanishi ya makochi na vigae vya chupa.

"Baba, si ulisema yule mnunuzi alikataza?"

"Alikataza ndiyo. Wewe umeona mnunuzi gani anamfundisha muuzaji kupata bei nzuri?"

"Labda bunduki siyo dhahabu."

"Mwanangu, kitu cha kuuza ni kitu cha kuuza. Hata wewe ulipoolewa tulikuosha."

Juliana alicheka bila kutaka, akasema ndiyo, na bado nimerudishwa. Akachukua ndoo yake akaenda kisimani. Baadaye alijilaumu kwa kile kicheko. Angelia, alisema, pengine baba yake angesimama.

Nkwabi hakuwa mjinga. Alijua namba ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu cha umiliki, na askari wataitafuta. Kwa hiyo aliipaka nta nene ya mshumaa, asidi isiifikie. Alijisifu kwa hilo. Yaliyobaki aliyasafisha kwa ufundi wake wote. Weusi wa biringanya uliondoka kama masizi ya sufuria. Ukahawia ukaondoka. Skrubu zilizogoma alizilazimisha kwa bisibisi na nyundo. Mtutu aliupiga msasa siku mbili, mchana wote, mpaka ukawa mweupe na laini ubavuni, hauna kikwaruzo hata kimoja. Kitako alikiparua kwa kigae mpaka kwenye mbao mpya, akakipaka vanishi mara tatu. Alipomaliza aliisimamisha ukutani, na jua la jioni likaipiga, na akajisikia kama mtu aliyerudi kazini. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikwenda kwenye mteremko bila kinyongo. Alikaa kando ya mawe, akamwambia Melania ajiandae kwa safari, kwao Ushetu, na gari zuri.

Marwa alikuja kama alivyoahidi, siku ya Jumanne, na kibali chake kwenye bahasha ya plastiki. Alikuja na gari lake mwenyewe kutoka Kambarage. Alimwamkia Nkwabi shikamoo na kujaribu kumwamkia Juliana kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, akikosea lafudhi, na Juliana akamjibu akificha tabasamu. Alileta kilo mbili za sukari. Alisema tangu siku ile anaangalia zile picha kila usiku, mpaka mke wake ameuliza kama ni mwanamke.

Nkwabi aliingia ndani akaitoa. Hakuifunga kwenye gunia. Aliileta ikiwa wazi, mikononi, iking'aa.

Marwa alinyoosha mkono, akaurudisha. Kisha akaipokea, akaenda nayo mwangani, akavaa miwani. Aliangalia pale palipokuwa na zile alama mbili za duara. Aliangalia ubavuni palipokuwa na maandishi. Aligusa skrubu, na midomo yake ikawa midogo. Akafungua mtutu akachungulia kwenye mwanga, akachungulia tena, muda mrefu. Ndani asidi ilikuwa imeng'ata chuma vishimo vishimo kama hindi lililobunguliwa, na kutu mpya ya rangi ya chungwa ilikuwa imeshaota kwenye kila kishimo.

"Namba umeiacha," alisema mwishowe.

"Namba nimeilinda," Nkwabi alisema. "Kwa nta."

"Ndiyo. Namba ipo." Marwa alivua miwani. "Bunduki ndiyo haipo, baba."

Nkwabi alidhani ndiyo mwanzo wa kukata bei. Alikuwa amejiandaa. Alisema kwa sauti ya mwaloni kwamba mali ni safi, kila mtu anaona, na bei ni ile ile waliyokubaliana mbele ya kituo cha serikali. Marwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alitoa simu, akamwonyesha zile picha moja moja, akamweleza taratibu, bila ukali, na huo upole ndio uliomtia Nkwabi hofu. Weusi ule haurudi, na fundi yeyote atakayeupaka upya atakuwa ametengeneza uongo. Alama zile zikishafutika hakuna wa kushuhudia kwamba mtutu na mwili ni vya pamoja. Mkusanyaji hanunui chuma, ananunua miaka, na miaka ilikuwa imeoshwa.

Nkwabi akaanza kushuka. Akasema basi, ng'ombe watatu. Akasema wawili. Akasema ainunue kama bunduki tu, ya kulindia shamba, hata kwa mlinzi wa duka. Marwa alitikisa kichwa. Kwa vile vishimo, risasi ya kwanza inaweza kuupasua mtutu usoni kwa mpigaji. Hawezi kumpa mtu, wala kuitundika nyumbani kwake, maana kila akiitazama ataona ile ya kwenye picha.

"Nilikwambia usiiguse," alisema. "Kwa nini hukuniamini?"

Nkwabi alikuwa na majibu mengi ya swali hilo, miaka ishirini na miwili ya majibu. Alichosema kilikuwa hiki:

"Hakuna aliyewahi kusema kweli."

Ndipo Juliana akamweleza mgeni habari za kaburi, kwa sababu baba yake asingesema. Marwa alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alitoa noti alizokuwa nazo mfukoni, akaziweka juu ya ile sukari, akasema ni rambirambi. Zilitosha kumlipa bwana afya nauli ya kuja na kurudi. Gari lake lilipoondoka vumbi lilikaa hewani muda mrefu, na Nkwabi aliendelea kusimama mpaka likatua.

Siku zilizobaki alizitembea. Alikwenda kwa Boaz, ambaye alisema suala lake linaeleweka. Alikwenda ofisi ya kata, akaambiwa mhusika yuko safarini. Alikwenda kwenye geti la kampuni, ambako mlinzi, kijana wa watu, alimwita babu, akampa maji ya kunywa na kumwambia asiondoke bila kuandika jina kwenye daftari la wageni. Akaandika. Lilikuwa daftari pekee lililomkubali mwaka ule. Luka alipiga simu kutoka Ushetu kuuliza kama shimo aanze kulichimba, maana ardhi ni ngumu na inahitaji siku mbili. Nkwabi alimwambia asubiri kidogo. Luka akauliza kidogo kiasi gani, na laini ikakatika, au Nkwabi aliikata mwenyewe, hakuna aliyejua.

Tarehe ishirini na tisa alichukua sururu na beleshi, na Juliana akamfuata na shuka jeupe. Walikuwa wameamua kumtoa wenyewe, bila kibali, na kumfikisha Ushetu kwa namna yoyote itakayopatikana. Walichimba mpaka magotini. Walinzi wa kampuni wakafika na Boaz mbele yao, ameshika karatasi. Hakupiga kelele. Alisema kuchimba kaburi bila kibali ni kosa la jinai, na kwamba yeye anamheshimu sana Mzee Nkwabi, ndiyo maana amekuja mwenyewe asije akakamatwa.

Nkwabi alisimama ndani ya lile shimo, akiegemea sururu.

"Boaz," alisema. "Kwenye daftari lako hapa hakuna kaburi. Sasa nimechimba kosa gani?"

Boaz alitazama karatasi yake kana kwamba jibu liliandikwa humo. Mlinzi mmoja alisema, kwa sauti ya chini, kwamba mzee ana hoja. Hoja ilibaki pale pale ilipo. Waliwatoa wote wawili kwa kuwashika mikono, polepole, na udongo ukarudishwa shimoni kwa mabeleshi mawili, moja likiwa la Nkwabi mwenyewe.

Uzio ulipigwa Jumatatu. Mitambo iliingia Jumatano na kusawazisha mteremko wote kutoka juu kwenda chini, migomba, vichuguu, mawe, kila kitu, ukawa uwanja mmoja mwekundu kama nyama iliyochunwa. Jioni wafanyakazi walipoondoka, Nkwabi na Juliana walikwenda wakasimama kwenye waya.

Mzee alinyoosha kidole akasema ni pale, karibu na lile tairi. Juliana alitazama, akakokotoa kwa macho kutoka kona ya nyumba yao, akasema hapana baba, ni huku zaidi, upande wa kushoto. Nkwabi alisema yeye ndiye aliyemzika. Juliana alisema yeye ndiye aliyekuwa akimfagilia kila Jumamosi. Wakabishana kidogo, bila nguvu, kila mmoja akionyesha mahali pake. Halafu mzee alishusha mkono, kwa sababu aliona kwamba hana uhakika.

Alijaribu kupaangalia tena kwa kufumba jicho moja. Uwanja ulikuwa mwekundu kila mahali, na laini, hauna kikwaruzo hata kimoja.